Huduma ya mawe ya figo katika kliniki moja ya Dar es Salaam
Nilifika nimejikunja kwa maumivu ya ubavu yaliyoshuka hadi kwenye kinena, na kabla ya kuulizwa habari za malipo nikachomwa sindano ya kutuliza maumivu, jambo ninalolishukuru mpaka leo. Kasoro ilikuwa kwenye ultrasaundi, ambayo haikuona kitu, nikaambiwa ni gesi. Siku mbili baadaye daktari bingwa aliagiza kipimo cha CT (eksirei ya kompyuta inayoonyesha ndani ya mwili kwa undani), na jiwe la milimita 4 likaonekana karibu na kibofu. Kwa kuwa mawe madogo hivyo mara nyingi hutoka yenyewe, hakunifanyia upasuaji. Alinipa tamsulosin, dawa ya kulegeza mrija wa mkojo ili jiwe lipite, akanitaka ninywe maji mengi na kukojolea kwenye chujio (nilinunua la chai). Siku ya tisa punje ya kahawia ilibaki kwenye wavu. Maabara yao, kwa bahati mbaya, haichunguzi aina ya jiwe.