Programu ya kamusi iliyokwama kwenye "ghafilika"

Kamusi ngeni huwa naipima kwa neno moja gumu kabla ya kuiamini kwa mengine, na programu hii ya kamusi ya simu, ambayo nimeitumia kwa miezi mitatu katika kazi yangu ya uhariri, niliipima kwa "ghafilika". Neno lilifunguka upesi, hata bila intaneti, lakini maana zilizotolewa ni mbili tu, "sahau" na "tojua", na zote mbili zinalikosa.

Asiyejua hakuwahi kuwa na habari; aliyesahau alikuwa nayo ikamtoka; aliyeghafilika anayo, au imo mbele ya macho yake, ila moyo wake umeshughulishwa na jambo jingine. Mlinzi aliyezama katika simu yake hadi mgeni akapita mlangoni hakusahau kwamba yeye ni mlinzi, wala si kwamba hajui kazi yake. Ameghafilika.

Mfano wa matumizi ndio ulioniudhi zaidi. "Mwanafunzi alighafilika jibu" ni sentensi inayokipachikia kitenzi shamirisho ambalo hakilipokei, kwani mtu hughafilika na jambo. Tena hiyo "na" ina mtego wake: "ameghafilika na ibada" humaanisha kwamba ameipa ibada kisogo, ilhali "ameghafilika na dunia" humaanisha kwamba dunia ndiyo iliyomteka hadi akaacha ya maana. Msikilizaji yeyote wa mawaidha huipata tofauti hiyo papo hapo. Mwanafunzi wa lugha, ambaye ndiye hasa mnunuzi wa kamusi, hawezi kuikisia, na programu haikumwachia hata mstari mmoja.

Nakiri kwamba waandishi wamelihusisha neno hili na "ghafla", kwa kuwa yote mawili yametoka katika shina moja la Kiarabu, na uhusiano huo una mantiki: lijalo ghafla humkuta mtu ameghafilika. "Mghafala" na "ghafilisha" yamo pia, yamefafanuliwa vizuri kuliko kitenzi chenyewe, jambo la ajabu kidogo. Kitufe cha matamshi, hata hivyo, husema "gafilika", bila ile "gh" ya kooni.

Niliwaandikia wahusika kuhusu makosa mawili, la mfano na la matamshi. Katika toleo lililofuata sentensi ya mfano imesahihishwa, ila sauti ingali ikisema "gafilika".