Shule ya bure ya Kiingereza (LINC) hapa Edmonton: maoni ya mtu aliyekaa darasani

Ndugu wanaofika kutoka kambi za Nyarugusu, Nakivale na Dzaleka huniuliza swali moja: hii shule ya bure ya Kiingereza wanayotupeleka Kanada ina faida, au ni kupoteza muda wakati viwanda vinaita watu? Nimesoma LINC mwenyewe, na mama yangu mpaka leo anasoma. Jibu langu ni moja: nendeni, tena nendeni mwaka wa kwanza, kabla kazi ya usiku haijawameza. Kwa huduma yenyewe natoa nyota nne kati ya tano. Ile moja iliyobaki nitasema imekwenda wapi.

LINC ni programu ya serikali kuu ya Kanada, ilianza mwaka 1992. Serikali hutoa pesa, lakini wanaofundisha ni vyuo, bodi za shule na mashirika yanayopokea wageni, kwa hiyo kila mji una vituo vyake na ubora unatofautiana sana. Hulipi ada. Wanaopokelewa ni wenye ukaazi wa kudumu na wakimbizi waliokwisha kukubaliwa. Mwenye viza ya kusoma au kibali cha kazi cha muda hana nafasi hapo, na anayesubiri kesi yake ya ukimbizi iamuliwe aulizie madarasa ya mkoa.

Kabla ya kuanza unapimwa kusikiliza, kuongea, kusoma na kuandika, kila kimoja peke yake, kwa kipimo cha Kanada chenye ngazi 12. Wengi wetu tunatoka na ngazi zisizolingana, kuongea juu, kuandika chini, na watu wanalalamika kwamba wameonewa. Hamjaonewa. Mimi nilisoma Nyarugusu kwa mtaala wa Kongo, yaani hesabu, historia, kila kitu kwa Kifaransa, ndani ya ardhi ya Tanzania, huku Kiingereza kikiwa kipindi tu kama vipindi vingine. Sokoni Kiswahili, nyumbani Kibembe. Mtu wa namna hiyo anaweza kuelewa sinema nzima ya Kiingereza halafu akashindwa kuandika barua ya mistari mitano kwa mwenye nyumba. Kipimo kiliniona vizuri.

Sasa niwaeleze darasa la mama, maana kwangu thamani ya huduma hii imo humo.

Mama alizaliwa Fizi. Alikimbia vita mwaka 1996, akavuka ziwa na watoto, na miaka yote ya kambini aliweka dole gumba kwenye karatasi ya mgawo. Hakuwahi kuingia shule. Watu kama yeye wana darasa lao ndani ya LINC, la wasiojua kusoma katika lugha yoyote. Naomba mliulizie kwa jina hilo hilo, darasa la kuanza kusoma na kuandika, kwa sababu mzee akiwekwa na vijana wa sekondari waliotoka Nairobi au Kampala ataaibika wiki ya kwanza na hatarudi.

Ticha wake hakuanza na alfabeti. Alianza na anwani. Edmonton mitaa yake karibu yote ni namba: avenue zinatoka mashariki kwenda magharibi, street zinatoka kaskazini kwenda kusini, na namba zinapanda kwa mpangilio. Mama alipewa ukanda wa karatasi ulioandikwa jina lake, namba ya nyumba na namba ya mtaa, akanakili chini yake kwa penseli mpaka mkono ukazoea. Baadaye ticha akawatoa nje, wakasimama kwenye makutano na kusoma vibao. Mtu aliyekuwa haendi hata kituo cha basi bila mimi, leo anapanda basi mwenyewe mpaka 118 Avenue kununua unga wa muhogo na samaki wakavu, na anarudi.

Somo jingine lilikuwa la dawa. Ticha aliwaletea chupa tupu za duka la dawa, zile zenye karatasi iliyobandikwa: jina la mgonjwa, jina la dawa, vidonge vingapi, mara ngapi kwa siku, tarehe ya mwisho. Hawakufundishwa kusoma karatasi yote. Walifundishwa wapi pa kuangalia ili kupata namba. Jioni ile mama alitoa chupa zake zote za presha kabatini, akazipanga mezani, akawa anapitisha kidole pole pole chini ya maandishi. Moja akaisukuma pembeni. "Hii imekwisha muda." Nikaisoma. Kweli ilikuwa imekwisha.

Niliwahi kumuuliza kwa nini anajisumbua kwenda darasani kwenye baridi ile. Sheria haimlazimishi: mtihani wa uraia na sharti la lugha ni kwa wenye umri wa miaka 18 mpaka 54, yeye amekwisha kuvuka. Aliniambia, "Mwanangu, mimi sitaki mjukuu aingie na mimi kwa munganga anisemee mambo ya mwili wangu."

Hilo nililiona kwa shemeji yangu kwa upande wa pili. Alipofika tu alichukua kazi ya kusafisha kiwanda cha nyama usiku. Kazi halali, mshahara wa kweli, amesomesha wadogo zake kambini kwa pesa ile na hakuna wa kumnyooshea kidole. Lakini usiku anafanya kazi, mchana analala, na kiwandani anaongea na Wakongo wenzake na Warundi. Mpaka leo karatasi ikitoka shule au benki, binti yake wa darasa la sita ndiye anayeisoma na kuamua ipi ni ya maana. Mkewe alipoumwa, mtoto yule yule alisimama katikati ya daktari na mama yake akitafsiri habari za uzazi. Hospitali kubwa za hapa zina wakalimani wa bure, hata wa simu, na ni haki yako kuomba. Ila kuomba kwenyewe kunataka maneno mawili matatu ya Kiingereza na ujasiri, na vyote viwili vinapatikana darasani.

Ndiyo maana nasisitiza mwaka wa kwanza. Mkimbizi aliyeletwa na serikali hupata posho ya kila mwezi kwa muda wa mpaka miezi 12, na aliyeletwa na kanisa au kikundi cha watu hutunzwa nao kwa kawaida mwaka mmoja. Deni la tiketi ya ndege, ambalo linatisha watu sana, halina riba tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2018, na marejesho huanza baada ya mwaka, si siku unaposhuka uwanjani. Kwa hiyo mwaka ule umeshalipiwa. Ni kidogo, kodi ya nyumba inakula karibu yote, najua. Na simu kutoka kambini hazikomi: huyu anaumwa, mgawo umepunguzwa, mtoto hana ada. Ni ndugu zetu, na hatuwezi kujifanya hatusikii. Lakini waambieni ukweli mapema kwamba mwaka huu mko shule. Mwenye Kiingereza cha kutosha anaweza kusomea kuhudumia wazee, kuendesha basi, kufundisha watoto wadogo. Huyo atatuma pesa nyingi zaidi, na atatuma kwa miaka mingi, mgongo ukiwa mzima.

Nikiwa bado kwenye habari za kazi, neno moja kwa waliosoma Kifaransa kambini kama mimi: hakikupotea. Edmonton ina shule za Kifaransa, kuna eneo la Bonnie Doon na Campus Saint-Jean ya Chuo Kikuu cha Alberta, na shule zinahitaji wasaidizi wa darasa. Hakuna aliyenieleza hayo mapokezini. Niliyapata kwa mama mmoja wa Kikameruni kwenye foleni ya benki ya chakula. Na waliokuja na digrii kutoka Dar au Nairobi, Kiingereza chenu tayari, msikae LINC kwa mazoea: pelekeni vyeti IQAS, ofisi ya mkoa inayothamini vyeti vya nje, kisha ulizieni kozi za kuwavusha kwenye taaluma yenu hapa (bridging).

Nyota iliyopungua sasa. Kituo nilichosoma mimi sikitaji, ila walioko Edmonton watajua hali ninayoisema, maana haiko kituo kimoja.

La kwanza ni chumba cha watoto. Programu inaruhusu vituo kulea watoto jengoni humo humo wakati mzazi yuko darasani, bila malipo, na kwa mama mwenye mtoto mchanga hicho ndicho kinachoamua kila kitu. Kituo changu kilikuwa na walimu wazuri na viti vitupu darasani, huku wanawake wakingoja nyumbani miezi kwa sababu nafasi za watoto zilijaa. Waume zao wakaendelea ngazi mbili mbele. Nyumba nyingi za kwetu zimeingia mgogoro hapo: mmoja anajua nchi, mwingine hajui hata kupiga simu. Afisa wa kituo aliniambia nisubiri. Hakuniambia kwamba kituo kingine upande wa pili wa mto kilikuwa na nafasi. Aliyeniambia ni jirani, na nilihamia huko. Niliumia sana kwa ajili ya wale waliokuwa hawana jirani.

La pili ni karatasi. Kila mwanafunzi alikuwa na faili kubwa lenye pete za chuma, na kila kazi ya kupimwa ilikuwa lazima iingie humo, na tarehe na alama, ndipo upandishwe ngazi. Nia yake ni nzuri: unaona ulipotoka. Ila ngazi za kati tulikuwa tunatumia asubuhi nzima kutoboa karatasi na kujaza orodha, ilhali kilichotukosesha kazi ni kuongea. Tuliomba muda wa mazungumzo, tukaambiwa vipimo havijatosha. Ticha mwenyewe uso wake ulionyesha amechoka navyo kuliko sisi.

La tatu, kuwapeleka watu kwenye darasa la mtandaoni wakati hawajui kuwasha kompyuta. Mama aliwahi kuhamishiwa huko kwa sababu ya nafasi. Tulikaa naye jikoni, mimi nikishika kipanya, yeye akitazama vichwa vidogo vya watu kwenye kioo. Hakujifunza neno. Niliandika barua kuomba arudishwe darasa la ana kwa ana na nikakubaliwa. Andikeni nanyi, wanajibu.

Mambo mengine ni madogo. Basi unapanda kwa kadi, na baadhi ya vituo husaidia nauli kwa wasiojiweza. Mwanzoni mwa Januari jua linachomoza karibu saa tatu kasoro dakika kumi asubuhi, kwa hiyo utatoka nyumbani gizani. Nunua viatu vya theluji kabla ya koti zuri. Maktaba za mji zina kadi ya bure na mazungumzo ya Kiingereza kwa wageni, nazo hazikuulizi karatasi za uhamiaji.

Kuna jambo la uraia ambalo watu wanachelewa kulisikia. Kuomba uraia unahitaji kuwa umekaa siku 1,095 ndani ya miaka mitano, na walio chini ya miaka 55 waonyeshe ngazi ya 4 ya kuongea na kusikiliza. Cheti cha LINC cha ngazi hiyo kinakubalika kama ushahidi, huhitaji kulipia mtihani mwingine. Mtihani wa uraia wenyewe ni maswali 20, unatakiwa upate 15. Lakini ukishaapa na kuwa raia, LINC inakufunga mlango, kwa kuwa si ya raia. Mama yangu tumekubaliana asiombe bado. Anataka kwanza amalize kusoma barua zake mwenyewe, na hapo hati ya kusafiria itafuata.

Wa kumpeleka ni nani, basi? Mzee asiyejua kusoma: mpeleke, kwenye darasa lake. Mama mwenye watoto wadogo: mpeleke kabla ya baba, au wapishane zamu. Kijana aliyeishia kidato cha pili: aende mpaka afike ngazi inayotakiwa na chuo, ndipo akitafute. Kama nyote wawili tayari mnafanya kazi, kuna madarasa ya jioni na Jumamosi. Yanachosha, ila yapo.

Siku ya kwenda kupimwa beba kadi ya ukaazi wa kudumu, au kama haijafika, ile karatasi ya uthibitisho wa ukaazi iliyokuwa kwenye mfuko wa IOM (shirika la uhamiaji lililowasafirisha), kwa hiyo mfuko ule usiutupe. Beba kadi za chanjo za watoto. Omba mkalimani wa Kiswahili unapopanga miadi, si ukishafika. Na kabla hawajakuuliza kitu, uliza wewe kama chumba cha watoto kina nafasi; wakisema hakina, uliza hapo hapo ni kituo gani kina, na waombe wakuandikie jina na anwani.