Nimehamishwa mezani kwa sababu nakunywa soda

Naanza kwa kuitoa bendi lawamani. Kama kuna mwanamuziki wa pale anayasoma haya, asinune. Ugomvi wangu ni na kaunta, na hasa na yule kijana wanayemwita meneja. Jina la baa silitaji. Watu wa Mtwara mtaijua tu, na asiyeijua apite upande wa baharini Ijumaa usiku afuate mlio wa besi.

Mimi pombe situmii. Baa naenda kusikiliza dansi, basi. Najua kuna wanaonishangaa, akiwemo mke wangu, na yuko jirani yangu mmoja mtu wa msikitini sana aliyeniuliza kwa upole kabisa kwa nini redio hainitoshi. Hainitoshi. Redioni unamsikia mwimbaji na gitaa la solo, lakini yule wa gitaa la rizimu anayewabeba wote unamkisia tu. Bendi ikiwa mbele yako unaviona vidole vyake, unaona anavyomtupia jicho mpiga besi kabla hawajabadilisha, ndipo unaelewa wimbo umejengwaje.

Sasa sikilizeni kilichonipata.

Ilikuwa Ijumaa moja, msimu wa korosho umekolea, hela za minada zimeanza kuingia kwenye akaunti za watu, gesti hazina nafasi. Nimefika mapema, nimelipa kiingilio elfu tano mlangoni, nimegongwa muhuri mkononi kama kila mtu, nikakaa meza ninayokaa siku zote: ya pili kutoka jukwaani, mkono wa kushoto, usawa wa mpiga rizimu. Nikaagiza Tangawizi ya baridi, ambayo siku ya bendi wanaiuza elfu mbili na sijawahi kulalamika. Bendi ilitangazwa saa mbili, ikapanda saa nne kasoro. Hilo nalo sina neno, dansi lilianza lini kwa wakati?

Wakapiga za kupasha moto, zilipendwa za kukopi. Halafu wakaingia kwenye wimbo wa kwao wenyewe, beti zinakwenda taratibu, mwimbaji anamlilia mke aliyefunga mizigo akarudi kwao Newala. Solo akaanza kunyanyua, tumba ikaitika, ndiyo kwanza tunaingia kwenye chemko, ile sehemu ya wimbo inayochangamka watu wakacheza. Hapo nikahisi mtu kasimama nyuma yangu.

Hakunisalimu. Umri wake ni wa kitinda mimba wangu, lakini shikamoo hakuna, habari za jioni hakuna. Akapitisha mkono juu ya bega langu, akaichukua chupa yangu, akaiinua mpaka usawa wa taa kuangalia soda imebaki kiasi gani. Akaitikisa kidogo. Ilibaki kama robo hivi. Akairudisha mezani, si pale alipoitoa, pembeni, ukingoni kabisa, akasema, "Mzee, hii unayo tangu saa ngapi?"

Nikamwambia tangu nilipoilipia.

"Tunaiomba meza, kuna wageni."

Nikamuuliza, na mimi ni nani, mwenye nyumba? Akacheka kidogo, ile ya kumchekea mtu uliyekwisha kumwamulia. Akasema kiingilio ni cha bendi, wao kama baa wanaishi kwa kaunta, na meza ya mbele haiwezi kukaliwa na soda moja usiku kucha. Haya yote kwa sauti kubwa, maana chemko limepamba moto na ili nimsikie ilibidi apige kelele. Kwa hiyo na meza za jirani wakasikia. Nikawa mzee wa soda moja.

Wakati huo wenyewe wageni wameshasimama pale wanangoja, simu mkononi. Ningefanya nini? Nikanyanyuka. Nikaonyeshwa kiti cha plastiki kwenye njia ya kwenda chooni, chini ya spika.

Asiyependa muziki ataona nimekuza jambo. Kiti si kiti? Hapana. Dansi letu lina magitaa matatu, mara nyingine manne, yanayosemezana. Rizimu anapiga kamba zake zilezile, za kurudiarudia, second solo anajaza anapoacha nafasi, na solo anapita juu yao. Chini ya spika hupati mazungumzo hayo. Unapata besi kifuani na drams masikioni, vingine vyote vinageuka uji. Nimelipa elfu tano kusikiliza uji, huku kila anayetoka kujisaidia ananipangusia mikono ya maji begani.

Na wageni wenyewe sasa. Wanne, nadhani wanunuzi au madalali, nimekaa ghalani miaka mingi na watu wa msimu nawajua kwa viatu. Waliagiza kreti zima la bia likawekwa chini ya meza. Wakakaa wameipa bendi mgongo. Nasema mgongo! Wanaangalia video kwenye simu ya mmoja wao. Ilipofika mapumziko wakamwita DJ aweke singeli. Singeli sina chuki nayo, wajukuu wangu wanaicheza nyumbani na inachangamsha, ila kuna mahali pake, na mahali pake si katikati ya usiku wa dansi, watu wazima wamekuja na wake zao.

Mniruhusu niwarudishe nyuma kidogo, maana hasira hii haikuzaliwa Ijumaa ile. Ninyi mnaopanda basi alfajiri na jioni mko Dar hamjui huku kusini muziki ulikuwa unafikaje. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, mto Rufiji ulivukwa kwa pantoni pale Ndundu, na masika yakichachamaa barabara ilikuwa matope mpaka magari yanalala njiani. Bendi ikitoka Dar kuja Mtwara ujue imekuja kweli: vyombo juu ya lori, wanamuziki wekundu kwa vumbi, ngozi za tumba zinakaushwa kwanza. Msondo na Sikinde, bendi kubwa za Dar, tuliwajua kwa Radio Tanzania miaka mingi kabla ya kuwaona kwa macho. Msondo ndiyo ile NUTA Jazz ya 1964, ikawa JUWATA, ikawa OTTU, jina linabadilika na chama cha wafanyakazi, magitaa yaleyale. Sikinde nao wakaja 1978, na ubishi wa nani zaidi haujaisha mpaka leo, hata kwenye mazishi nimeusikia. Sisi wa kusini tukawa tunajisifia Kilwa Jazz ya Ahmed Kipande, ingawa ilipigia Dar, kwa sababu jina tu lilikuwa la kwetu.

Kwa hiyo bendi kukaa hapahapa mjini na kupiga kila Ijumaa, kwangu mimi si jambo dogo. Kijana anayeinua chupa kwenye taa hajui hilo. Au analijua na hajali, ambalo ni baya zaidi.

Nitende haki. Bendi ile ni nzuri kupita mji huu unavyostahili. Mpiga solo ni mtu mzima, mfupi, anavua kiatu cha mguu wa kulia akianza kupiga na hakivai mpaka mapumziko. Kuna usiku kamba yake ilikatika katikati ya chemko. Hakusimama. Aliiacha ikining'inia, akahamia juu kwenye kamba zilizobaki, akawa anapiga kitu kingine kabisa, wenzake wakamfuata, na mwimbaji akakaa kimya akimwangalia. Ilipoisha mpiga tumba akaja kumpangusa jasho kwa fulana yake mwenyewe. Watu walikwenda kutunza mpaka noti zikawa zinadondoka sakafuni. Hata mimi mwenye soda moja nilikwenda, na sikumbuki kuona meneja akiupima mfuko wangu siku ile.

Hapo ndipo inaponiuma zaidi. Wale wa kreti nao walitunza. Walipochangamka mmoja alinyanyuka na noti za elfu kumi kumi, akazibandika moja moja kwenye paji la uso la mwimbaji, na mwimbaji akawataja majina wote wanne ndani ya wimbo, mpaka na kijiji wanakonunulia korosho. Hesabu ni hesabu: dakika ile wameipa bendi kuliko mimi kwa mwaka mzima. Nikawaza pale nilipo chini ya spika, labda kijana ana hoja. Mlango wa bendi, kaunta ya mwenye baa, ndivyo wanavyogawana sehemu nyingi, na bila kaunta kuuza hakuna Ijumaa. Bendi nyingi zimekufa hivyohivyo, baa inageuka ya DJ na televisheni ya mpira, vyombo vinauzwa kimoja kimoja.

Sawa. Ana hoja. Lakini hoja ina namna ya kusemwa. Angekuja mbele yangu akanisalimu, akasema, "Mzee wangu, leo tumezidiwa, nisaidie meza nitakutafutia pengine pazuri," mimi si ningenyanyuka nikicheka? Ningembebea na viti. Au waandike ubaoni meza za mbele ni za wenye kreti, tujue moja. Au wapandishe kiingilio kwa tusiokunywa, nitalipa elfu kumi, si utani. Kinachonishinda ni ile chupa kwenye taa. Kila nikikaa inanirudia. Mtu ananipimia soda yangu!

Dada mhudumu aliyenizoea aliona yote. Alikuja baadaye na mishikaki miwili kwenye kisahani, akapiga goti kidogo kama alivyolelewa, akasema, "Baba, tusamehe, huyu mgeni, ametokea Dar mwezi uliopita." Nikamwambia mwanangu, Dar nako watu wanasalimiana. Akacheka mpaka akaficha mdomo kwa trei. Mishikaki alikataa nilipie. Huyo dada kama mwenye baa anasoma, ndiye wa kupewa umeneja, na mengine mimi na nyie yataisha.

Mwenye baa mwenyewe nilimpigia kesho yake, namba ipo ukutani. Alisikiliza vizuri, akasema pole mzee, atalifanyia kazi. Halafu akaniuliza, kwa heshima zote, kama siku hizi hawaniwekei hata juisi nibadilishe badilishe. Yaani naye alikuwa anahesabu! Nikakata simu. Nilikuwa nimeandaa maneno mengine lakini nilikata.

Basi kama unaniuliza kama nawashauri mwende, nakwambia usiende. Usiende kama ni mtu wa soda, wa maji, au wa bia moja ya kusogezea usiku. Usiende msimu wa korosho hata kama unakunywa. Ila kama hujawahi kumsikia yule mzee wa kiatu kimoja, hapo mimi nashindwa kukuzuia, maana ukimkosa umekosa, na Lindi kule ndugu zangu wananiambia bendi ya kudumu ya namna hii hawana, wanakodi ya harusi. Nenda, ila usikae. Simama kushoto karibu na nguzo, usawa wa rizimu, pale hakuna meza ya kunyang'anywa na sauti inakuja safi. Beba noti ndogo ndogo za kutunzia, kaunta hawana chenji kamwe. Mishikaki nzuri. Choo, tuache.

Ijumaa hii siendi, nimeshamwambia mke wangu na amefurahi. Ile inayofuata sijui. Nasikia mpiga saksafoni wao aliyekuwa Masasi anarudi, na nikisikia ni kweli itabidi nijue nitamwambia nini mama watoto.