Pakiti ya mbegu za saponaria: mbegu halisi, maelezo pungufu

Pakiti ninayoitathmini hapa niliinunua mtandaoni, na jambo la kwanza ninalomsifia muuzaji ni kuandika jina kamili la kisayansi, yaani Saponaria officinalis, mmea wa maua wa kudumu ambao pakiti inaahidi kwamba mizizi yake hutoa sabuni. Jina la saponaria likiachwa peke yake hutumika kuuzia pia mbegu za Vaccaria hispanica, mmea wa msimu mmoja ambao zamani uliwekwa katika jenasi hiyo hiyo (kundi la mimea yenye undugu wa karibu), na mnunuzi aliyetaka mmea wa kudumu huja kugundua tofauti wakati bustani yake imeshabaki tupu.

Mbegu zenyewe hazina kasoro. Ni nyeusi, ndogo kama milimita mbili, zina umbo la figo, na ukizitazama kwa lenzi utaona vijipele vilivyopangika kwa safu. Mbegu za Vaccaria ni za mviringo kama risasi za gobori. Lawama yangu inaanzia kwenye picha. Pakiti imepambwa kwa maua ya waridi yenye petali nyingi zilizorundikana, ilhali maua ya namna hiyo ni ya aina teule kama "Rosea Plena", ambazo kwa kawaida huzalishwa kwa kugawanya mizizi. Mbegu hizi hutoa ua la petali tano tu, na kwa maoni yangu ndilo zuri zaidi, lakini mnunuzi ana haki ya kuonyeshwa kile anacholipia.

Maelekezo ya kupanda ni sentensi mbili, na hayataji kabisa kwamba mbegu huota vizuri zaidi zikipitia baridi kwanza. Nilizichanganya na mchanga wenye unyevu, nikaziweka kwenye jokofu kwa wiki kadhaa kabla ya kuzisia, na nyingi ziliota. Pakiti pia haisemi kwamba mmea uliotokana na mbegu mara nyingi huchanua mwaka wa pili, kwa hiyo asiyejua anaweza kuung'oa akidhani ni gugu.

Ili kuhakikisha kwamba ulichopata ndicho, tazama majani: hukaa mawili mawili yakielekeana kwenye fundo lililovimba kidogo, na kila jani huwa na mishipa mitatu mirefu inayokimbia kuelekea nchani. Ua likifunguka, wengi hulifananisha na floksi, ua jingine la bustani. Livute taratibu: petali za saponaria hutoka moja moja, kila moja na kikonyo chake chembamba kilichozama ndani ya kikombe cha kijani chenye urefu wa sentimita mbili hivi, wakati ua la floksi hung'oka likiwa mrija mmoja. Hesabu pia stameni, yaani vijiti vya kiume vinavyobeba chavua ndani ya ua, kwani saponaria ina kumi na floksi ina tano. Harufu yake huzidi jioni, wakati wa nondo wanaolichavusha.

Kuhusu sabuni, ahadi ya pakiti ni ya kweli kwa kiasi. Mizizi iliyokatwakatwa na kuchemshwa kwa moto mdogo hutoa maji yenye povu laini, yanayofaa sufu na hariri, na wahifadhi wa nguo za kale wameyatumia kwa vitambaa dhaifu. Mafuta mazito hayaondoi. Maji hayo yasimwagwe kwenye bwawa, kwa kuwa saponini, kemikali ya mmea inayoleta povu hilo, ni sumu kwa samaki, na onyo hilo nalo halipo.

Kosa lisilosameheka ni kunyamazia mashina yanayotambaa chini ya ardhi. Mmea huu wa asili ya Ulaya na Asia ya magharibi ulitoroka bustani za Amerika Kaskazini ukaenea kandokando ya barabara na mito, na jimbo la Colorado limeuorodhesha miongoni mwa magugu hatari. Kauli ya "hujaza nafasi haraka" iliyochapishwa kama sifa ingepaswa kuwa tahadhari. Mimi nimeupanda kwenye chombo kikubwa chenye kitako, na hukata vichwa vya maua kabla vidonge vya mbegu havijapasuka.

Mbegu nazipa nyota nne kati ya tano, na maandishi ya pakiti mbili. Mwenye rafiki anayeumiliki mmea huu tayari hana sababu ya kununua, kwa kuwa kipande cha shina la ardhini chenye chipukizi hushika upesi kuliko mbegu yoyote.