Corolla 110 au 100? Uzoefu wangu na magari yote mawili

Gereji nyingi utaambiwa Toyota Corolla 100 (toleo la 1991) ni gumu kuliko 110 lililolifuata. Kwa bodi na mambo ya ndani nakubali. Kwa injini, hapana.

Tofauti hiyo ina chanzo chake Japani. Corolla 100 lilitoka Juni 1991, likiwa limesanifiwa wakati uchumi wa nchi hiyo umefura, na Toyota hawakubana mkono: milango mizito, dashibodi laini, vizuia kelele vya kutosha. 110 lilipotoka Mei 1995 mambo yalishageuka, na mhandisi mkuu Takayasu Honda alitakiwa kupunguza uzito na gharama. Kwenye 110, matoleo ya bei nafuu yalipata bampa zisizopakwa rangi, zile za kijivu zinazopauka juani. Funga mlango wa 100, kisha wa 110, utasikia pesa ilikokatwa. Maboresho ya 1997 yalilirudishia sura.

Lakini umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ulibaki milimita 2,465, na injini ya 5A-FE ya cc 1,498 iko kwenye yote mawili. Ndiyo maana spea haziumizi kichwa. Nikiendesha kwa utulivu njia ndefu, 110 la gia za mkono linanipa kilomita 12 hadi 14 kwa lita, na wepesi wake unausikia mlimani.

Ugonjwa mkubwa wa injini hii ni oili, na hapa watu hutapeliwa sana. Kwanza tenganisha kuvuja oili na kula oili, yaani kuichoma ndani ya injini. Chomoa waya za plagi: raba iliyo mwisho wa waya ikitoka na oili, raba za mashimo ya plagi zimekauka. Badilisha pamoja na gasketi ya kava la juu, paka silikoni kidogo tu kwenye kona, na usikaze nati kwa hasira, kava litapinda na kuvuja upya. Kama linakula, tazama moshi. Moshi wa bluu asubuhi unapowasha, kisha unaisha, ni sili za vavu, raba zinazozuia oili isipenye kwenye vavu. Hizo hubadilishwa bila kushusha injini. Moshi unaozidi ukikanyaga mafuta mlimani ni ringi za pistoni, na hapo oili nzito ni kuahirisha deni tu. Injini hii inachukua oili lita 3 na kidogo, kwa hiyo ikipungua lita moja ni theluthi nzima imekwenda. Pima kila wiki.

Mkanda wa taiming ubadilishwe kila kilomita 100,000 pamoja na beringi zake. Ukikatika, vavu za 5A-FE hazigongani na pistoni, ila gari litazimika hapohapo, hata kama uko katikati ya kona.

Rejeta lina kichwa cha plastiki kinachopasuka kwenye maungio kikizeeka. Fundi akikushauri utoe themostati (vali inayozuia maji kwenda kwenye rejeta hadi injini ipate joto) ili gari lisichemshe, kataa. Themostati hufunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Isipokuwepo injini inabaki baridi, kompyuta ya injini inaendelea kumwaga petroli nyingi, halafu utaanza kulalamika 110 linakunywa. Tatizo la rejeta bado liko palepale.

Kwa Kenya, ambako gari lililotumika haliingizwi likizidi miaka 8, 110 za mwisho za mwaka 2000 ziliacha kuingia 2008. Nyingi zimeshapita mikono kadhaa humohumo nchini, kwa hiyo kagua bodi kabla ya injini: inua zulia la buti uangalie kutu chini ya tairi la akiba, na pitisha mkono kwenye maungio ya shokapu za mbele kutafuta alama za kulehemu. Injini ya kubadilisha inapatikana; bodi iliyonyooka ni kazi kuipata.

Na ukikuta limenyanyuliwa kwa spesa, vipande vinavyowekwa kwenye shokapu ili gari liwe juu, kata kona kali polepole huku kioo kiko wazi. Spesa huzidisha pembe ya ekseli, mifuko ya raba inayofunika jointi za ekseli inachanika, grisi inatoka na mchanga unaingia. Ukisikia ka-ka-ka upande wa tairi la mbele, hiyo ni jointi, na bei ishuke hapohapo kabla hujaendelea kukagua.