Kamera ya sebuleni kwa mama, Ujiji: nilinunua mbili, nimebaki na moja

Mimi ni mfanyabiashara wa maharage. Nayakusanya vijijini huko Kasulu, nayashusha Kigoma mjini, na kila wiki nalala nje siku mbili au tatu. Mama yangu anakaa Ujiji na binti wa kazi. Ana presha, na goti lake la kulia siku hizi halitabiriki. Mwaka jana aliteleza sebuleni akakaa chini karibu saa nzima, binti yuko sokoni na simu ya mama iko chumbani. Hakuvunjika, alhamdulillahi. Ila mimi habari hiyo niliipata usiku, nimekaa juu ya magunia, na usingizi wa siku hiyo ukaishia hapo. Kulipokucha nikaanza kuulizia kamera.

Ya kwanza sitaitaja jina. Nilivutwa na bei, shilingi 45,000, na boksi lililoandikwa 4K kwa herufi kubwa. Hapo ndipo nilipaswa kushtuka. 4K ni picha ya karibu megapikseli 8. Kwa bei ya kuku watatu, hiyo kioo chake kimetoka wapi? Nilipoifunga, sura ya mama ilionekana kama imepakwa uji. Rafiki yangu anayetengeneza simu aliniambia kamera nyingi za namna hiyo zinachukua picha ndogo kisha zinaivuta iwe kubwa, kama anayeongeza maji kwenye mchuzi. Bora 1080p ya kweli, yaani picha ya megapikseli 2 hivi, kuliko 4K ya kwenye boksi.

Lakini picha nilikuwa tayari kuivumilia. Kilichonichosha ni mengine. Programu yake ilitaka ruhusa ya kusoma majina yote kwenye simu yangu. Kamera na wateja wangu wa maharage wapi na wapi? Jina la kuingilia lilikuwa admin na nywila 123456, na haikukulazimisha kubadilisha. Mwaka 2016 kulikuwa na programu hasidi iliyoitwa Mirai. Ilizunguka kwenye intaneti ikijaribu nywila za kiwandani kama hizo, ikateka kamera na rauta (visanduku vya kugawa intaneti nyumbani) nyingi mno duniani, na mwezi Oktoba zikatumika kuishambulia kampuni ya Dyn, iliyokuwa ikielekeza watu kwenye tovuti, hadi Twitter na Netflix zikawa hazifunguki kwa watu wengi Marekani. Wenye kamera wenyewe hawakuwa na habari. Mimi sikutaka sebule ya mama yangu iwe jeshini bila yeye kujua.

Halafu umeme. Hapa naomba nikae kidogo, maana ndipo pesa zinapopotea.

Wa Kigoma tunajua tulikotoka, enzi za majenereta ya dizeli. Sasa tuko kwenye gridi ya Taifa na hali si ile, ila umeme bado hukatika, hasa mvua zinapoanza. Kamera yangu ya kwanza kila umeme uliporudi iliamka ikiwa imesahau saa. Ilinipa video za tarehe 1 Januari 1970. Nilidhani imeharibika, kumbe kamera nyingi hazina betri ya kutunza muda. Zinasubiri intaneti iziambie sasa ni saa ngapi, na hadi hapo zinahesabu kuanzia mwaka huo. Kamera nzuri inauliza mtandao, inajirekebisha, inaendelea na kazi. Hii yangu ilingoja mtu afungue programu na kuiamsha. Mtu mwenyewe ni mimi, niko Kasulu, sehemu ambayo mtandao unapatikana ukisimama chini ya mwembe mmoja tu. Siku ya tatu ya mvua niliing'oa.

Ya pili, ambayo ninayo hadi leo, ni TP-Link Tapo C200. Nilitoa 85,000 mjini, bila kadi ya memori. Ni 1080p, si zaidi, na inazungusha kichwa ukiiamuru kwa simu. Kabla ya kulipa nilimwambia muuzaji aiwashe pale dukani, aizime ukutani bila kuaga, aiwashe tena, na mimi nihesabu. Alinitazama kama mteja msumbufu. Ilirudi hewani yenyewe kabla ya dakika mbili. Jaribio hilo ni la bure, na ningekuwa nimelifanya kwa ile ya kwanza nisingekuwa na chuma cha kuchezea watoto nyumbani.

Jambo ambalo sikulijua: adapta yake si ile ya volti 5 kama ya simu. Yangu imeandikwa volti 9, ampea 0.6. Kwa hiyo mpango wangu wa kuichomeka kwenye pawabenki ulikufa palepale. Na hata kwa kamera za volti 5, pawabenki nyingi zina ugonjwa wake: umeme ukikatika au ukirudi, zinakata kidogo kabla ya kubadilisha njia, na kamera inazima. Fundi redio wa mtaani ndiye aliyenionyesha dawa, kile kibetri cha rauta wanachokiita UPS ndogo. Kina tundu la volti 12, nikaweka rauta, na tundu la volti 9, nikaweka kamera. Kichwa cha waya hakikuingia, akanibadilishia kwa 3,000. Alinionya jambo moja nami nalipeleka mbele: usikosee matundu. Volti 12 kwenye kamera ya volti 9 unaweza kuichoma, na hapo usimtafute muuzaji.

Kibetri hicho kilinigharimu 60,000, karibu robo tatu ya bei ya kamera yenyewe. Kinanipa saa tatu hivi. Rafiki zangu waliniona nimechanganyikiwa. Lakini kamera bila rauta ni pambo, na rauta yenye umeme huku kamera imezima ni hasara ya bando. Lazima vyote viwili viishi. Kama huna hela ya vyote, subiri, usinunue kimoja.

Sasa bando. Muuzaji mmoja aliniambia kamera "inakula intaneti saa 24", na ndiyo maana watu wengi wanaiogopa. Si kweli, au tuseme ni kweli nusu. Kamera inaporekodi kwenye kadi yake haitumii bando kuzidi vijisalamu vidogo vya kuonyesha ipo hewani. Inakula pale unapoiangalia ukiwa mbali, au ukijiunga na hifadhi ya mtandaoni ya kulipia kila mwezi. Nilipima kwa kuangalia salio kabla na baada: kwa ubora wa juu ilikuwa karibu MB 10 kwa dakika, kwa hiyo saa nzima ni kama MB 600. Na unakatwa mara mbili! Nyumbani laini ya rauta inapandisha, huku ulipo simu yako inashusha. Ndiyo maana nikiwa safarini natumia ubora wa chini, namwangalia mama dakika moja, nafunga. Sebule si tamthilia.

Kwenye kadi niliweka ya GB 64. Nikiiacha irekodi muda wote napata siku nne na ushee, kisha inaanza kufuta za zamani na kuandika juu yake. Inanitosha, maana safari zangu hazifiki siku nne. Ukiamua irekodi panapotokea mjongeo tu, siku zinaongezeka sana. Kadi zipo zilizotengenezwa kwa kazi ya kuandikwa bila kupumzika. Kadi ya kawaida ya simu huchoka mapema, na inapochoka haikwambii. Mimi kila nikirudi nafungua video ya juzi kuona kama ipo.

Hifadhi ya mtandaoni nimeikataa, na si kwa sababu ya ada peke yake. Februari 2024 kampuni ya Wyze ya Marekani ilikiri kwamba baada ya mitambo kuzimika na kurudi, wateja kama 13,000 walionyeshwa vijipicha vya nyumba za watu wengine. Mama yangu anakaa sebuleni bila mtandio, ni kwake. Picha zake zikikaa kwenye kadi, mwizi akiiba kamera ameondoka na ushahidi wangu, hilo nalijua. Nimelipima nikaona afadhali hivyo.

Kuiunganisha kulinichukua jioni nzima kwa kosa la kijinga. Kamera hii, kama nyingi za bei hii, inatumia waifai ya gigahezi 2.4 pekee, na rauta yangu ilikuwa inatoa 2.4 na 5 kwa jina moja. Nilizima ile ya 5, ikaingia mara ya kwanza. Ukuta wa nyumba za Ujiji za zamani ni mnene, wa udongo, kwa hiyo rauta nayo nimeihamishia sebuleni, juu ya kabati la vyombo.

Usiku inaona vizuri kwa miale ya infraredi, picha ikiwa nyeusi na nyeupe. Usiielekeze kwenye kioo cha dirisha wala kwenye chandarua: miale inagonga na kurudi, unabaki kuona ukungu mweupe. Nyingine hii hakuna boksi litakalokuandikia: usiku wadudu huja kwenye kamera, wadudu wanamvuta mjusi kafiri. Usiku wa kwanza simu yangu ililia saa tisa, nikaruka kitandani kwenye gesti nikijua mama ameanguka. Nafungua, kuna tumbo la mjusi limejaa skrini nzima, linapumua. Kesho yake ikawa pazia, upepo wa ziwani ukilipeperusha, arifa arobaini na kitu. Niliiwekea itambue umbo la mtu, nikapunguza wepesi wa kushtuka, na nikachora eneo la kuangalia liache dirisha. Tangu hapo napata arifa tano au sita kwa siku, nyingi zikiwa za mama akienda kutawadha.

Binti wa kazi nilimwambia kabla sijapiga msumari. Aliuliza, "Dada, na mimi nitaonekana?" Nikamwonyesha kwenye simu mpaka inapoishia, akaniomba isifike kwenye mlango wa chumba chake. Nikageuza kabati. Nimesikia watu wanaoficha kamera ndani ya saa ya ukutani ili wamkamate msichana anayeiba sukari. Kama umefika huko, tatizo lako haliponi kwa kamera. Na chumbani au bafuni, usithubutu.

Mama ndiye aliyekuwa mgumu. "Mnanichunga kama mbuzi wa Idi?" Nilimweleza habari ya siku ile aliyoanguka, akanyamaza, sikujua kama amekubali. Wiki ya kwanza nikiwa Kasulu nikajaribu ule uwezo wa kuongea kupitia kamera. Nikasema, "Shikamoo mama, dawa umekunywa?" Akasimamisha uzi wa tasbihi, akatazama juu, akatazama kabati, hakujibu. Dakika haikupita simu yangu ikaita. "Marahaba. Usiongee na mimi kutoka kabatini. Ukinitaka, nipigie kama watu."

Basi kuongea kupitia kamera nimeacha. Na ule uwezo wa kujificha, ambapo ukibonyeza kamera inaacha kuona na kurekodi, nilimfundisha binti kuutumia mama anapokuwa na wageni, lakini mama hataki mambo ya kubonyeza. Ana njia yake. Wenzake wa darsa wakifika alasiri anainuka polepole, anachukua kanga iliyotundikwa pale pembeni, anaitupia juu ya kamera. Wakiondoka anaivua. Jana niliangalia saa kumi na moja nikakuta giza na sauti za vikombe, nikafunga simu nikaendelea kupima magunia.