Kichanja cha mninga kutoka Keko: mbao safi, ila umaliziaji fanya mwenyewe

Kiukweli kazi ya mbao nimeikubali. Ni kichanja cha vyombo cha rafu tatu, mninga mtupu, nimechukua kwa fundi mmoja kule Keko, anaanzia 130,000 tukaongea tukafika 95,000. Kinakuja vipande vipande unaunga mwenyewe na mi ndo nilichokuwa nataka, maana nakaa ghorofani Sinza na ngazi zetu mnazijua, kikija kimeshaungwa kinaishia mlangoni. Kilikuja kwa bodaboda, basi.

Alikuwa na cha paini pia, bei chee, nikakataa. Jikoni maji yanamwagika kutwa nzima na joto hili la Dar, paini isiyo na dawa inavimba halafu dumuzi wanaifanya unga. Mninga hausinyai sana, viungio vinatulia.

Viungio vyenyewe ni vya ulimi na tundu, yaani ncha ya mbao moja inachongwa ulimi unaingia kwenye tundu la nyingine, hakuna msumari hata mmoja kwenye fremu, hapo fundi nampa maua yake. Ukikichukua kiunge kikavu kwanza kabla hujagusa gundi, pima kona kwa kona na futi, vipimo viwili vikilingana ujue kimekaa mraba. Ukigonga weka kipande cha mbao juu yake nyundo isiache makovu. Sasa changu mguu mmoja ulikuwa unacheza, ulimi umechongwa mwembamba, nampigia jamaa ananiambia weka gundi nyingi tu bosi itashika. Aisee! Gundi nyeupe ya mbao haijazi pengo, inataka mbao zigusane. Nikachonga kibanzi chembamba cha mninga huo huo nikakibandika ubavuni mwa ulimi, nikapiga msasa mpaka ukaingia kwa kubana, sa hivi hautikisiki.

Vanishi alitaka 15,000 juu anipigie yeye. Nikaangalia alivyowapigia wengine pale nje, kazi nzuri lakini imejaa michirizi na vumbi la barabarani limegandia humo humo, nikasema nipe hivyo hivyo. Anza na msasa namba 80 kufuta alama za randa, njoo 120, malizia 240, na siku zote fuata nyuzi za mbao usikate katikati. Vaa barakoa, vumbi la mninga utapiga chafya mpaka ukome. Futa na kitambaa chenye thina, mkono wa kwanza wa vanishi uchanganye na thina iwe nyepesi mbao inywe, iache mpaka kesho, pitisha msasa laini kidogo, ndo mkono wa pili na wa tatu. Masika usijaribu, unyevu ukiwa mwingi inachelewa kukauka unabaki na kitu kinanata.

Chini ya miguu ndo watu wanapasahau, na pale mbao imekatwa kichwa inafyonza maji balaa. Mi nilipapiga vanishi mpaka pakagoma kunywa, halafu nikakata kandambili za zamani nikabandika vipande.

Skrubu za rafu alizonipa zile za kawaida nimezitupa, zingeshika kutu mapema tu, nikanunua zisizoshika kutu dukani. Nikiagiza kingine, na nitaagiza kwake huyo huyo, nitamwambia rafu ya chini aiongeze upana, sufuria kubwa la pilau halienei.